Majivu ya 'Mamorongoe

Kilichoniponza mimi ni gesi. Mume wangu anafanya kazi ya ujenzi ng'ambo ya mpaka, na mwaka ule alinitumia jiko la gesi la mafiga mawili pamoja na mtungi wake, nikawa mwanamke wa kwanza hapa Ha Ramochela kusonga papa, ugali wetu wa mahindi, bila kutokwa machozi ya moshi. Niliringa, sikatai. Majirani walipopita na magunia ya samadi kavu ya kuwashia moto kichwani nilifungua mlango wa jikoni makusudi ili wauone ule moto wa buluu. Baridi yote ikapita hivyo. Agosti ilipofika na vumbi lake, mipichi ikaanza kutoa maua, ndipo nilipogundua kwamba sina majivu hata ya kujaza kikombe.

Na bustani za hapa bila majivu hazisimami. Tunazijenga kwa mawe, duara, hadi kiunoni, tukiacha mwanya wa kuingilia mpaka katikati, na hapo katikati tunasimamisha kikapu cha vijiti cha kumwagia majivu na maji ya kuoshea vyombo. Chini kabisa tunatupa makopo yenye kutu, mifupa, vigae. Juu yake mishubiri mikavu, samadi, majivu, udongo, kisha samadi tena na majivu tena. Kikundi chetu cha wanawake kumi na mmoja huenda nyumba kwa nyumba, kila nyumba siku yake, na mwenye nyumba sharti awe amekusanya kila kitu. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimetangaza kwamba bustani yangu itaizidi ile ya 'Mathebe, mwenyekiti wetu, na nilitangaza yeye mwenyewe akiwepo.

Nilitaka kueleza habari za 'Mamorongoe, na tazama, nimeanza na zangu. Ndivyo nilivyo.

'Mamorongoe ni jirani yangu wa upande wa juu, tunatenganishwa na ukuta mfupi wa mawe tu. Mrefu, mwembamba, blanketi lake la kijivu hulifunga kwa pini ileile niliyomkuta nayo nilipoolewa hapa miaka kumi na tisa iliyopita. Mjane, hana mtoto. Jina lake alipewa siku ya harusi kama tunavyopewa sote: bibi harusi akiingia, wakwe humwita mama wa fulani kabla tumbo halijaonekana, na mtoto akija hukuta jina linamngoja. Mimi waliniita 'Malibuseng, na Libuseng akaja mwaka uliofuata. Kwa wengine jina hubaki linaning'inia, hakuna wa kulivaa. Nilidhani yeye ni mmoja wao, na sikuwahi kuuliza.

Kazi yake ilikuwa kukandika nyumba za watu. Hakuna sakafu ya samadi hapa kijijini isiyowahi kupitiwa na kiganja chake, na michoro ya kutani ambayo wenzake huifanya kwa uma yeye aliifanya kwa vidole vinne. Libuseng alipozaliwa alikuja kunisiribia sakafu upya bila kuitwa, akafanya kazi siku nzima akiimba kwa sauti ya chini. Nilipomnyoshea mtoto ampakate, alisema mikono yake ina udongo. Nikamwambia anawe. Akasema atanawa, akatoka nje, akaenda kwake. Nilimwona wa ajabu kidogo, basi.

Sasa majivu. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na jaa dogo alilomwaga majivu ya kila siku. Lakini mbele ya nyumba, upande wa mashariki, kulikuwa na jaa la zamani, refu kunizidi, limeota nyasi na mishubiri pembeni. Hakulimwagia kitu wala hakuligusa. Majivu ya miaka mingi namna ile huwa meusi, laini, yameshachanganyika na udongo. Sisi wanakikundi tulilimezea mate. Tulimtania kwamba anajiwekea akiba ya mazishi yake. Alikuwa akicheka na sisi.

Jumanne nilikwenda ukutani nikamwita.

"'Mamorongoe! Mama, nisaidie majivu. Gesi imeniumbua."

"Kwani gesi haitoi majivu, bi harusi?" Miaka kumi na tisa, na bado aliniita bi harusi.

"Haitoi chochote, mama. Inatoa moto tu."

"Basi umeuziwa nusu ya moto!" Alicheka mpaka akajishika ukutani. "Njoo na ndoo, chukua yale ya nyuma ya jiko. Yakombe yote. Ila hili la mbele usiliguse."

"La mbele lina dhahabu?"

"Lina majivu ya zamani. Liache lilivyo."

Yale ya nyuma yalijaza ndoo mbili na nusu. Bustani niliyoitangaza ilihitaji mara kumi ya hapo.

Jumatano alfajiri aliteremka kwenda kliniki kuchukua vidonge vyake vya shinikizo la damu. Kila akienda hulala kwa mpwa wake, hurudi kesho yake. Aliniachia kuku wake niwape mahindi. Naomba hilo msilisahau, maana mimi siwezi kulisahau: aliniachia kuku wake.

Niliwapa kuku mahindi, kisha nikarudi nyumbani nikachukua toroli na beleshi. Mchana kweupe. Nilijiambia jaa ni jaa, hakuna mtu mwenye akili anayemnyima mwenzake takataka. Nilijiambia nitachota ubavu wa nyuma, hataona. Na nilijiambia kwamba mwanamke asiye na mtoto hukazania vitu visivyo na maana. Nalisema hili kwa kuwa nimeapa kulisema lote.

Toroli la kwanza, la pili. Udongo ulikuwa kama niliouota, unabonyea mkononi. Katika toroli la tatu beleshi liligonga kitu. Nikainama, nikavuta, kikatoka chungu kilichopasuka, nusu yake nzima na vipande vingine vikifuata, mdomoni kina alama za kidole gumba zimezunguka pande zote. Ndani kulikuwa na udongo mweusi na kijitambaa kilichooza, nilipokigusa kikawa vumbi. Nikakigeuza kile chungu, nikakikung'uta juu ya toroli. Nilikigonga na ukingo wa toroli ili kitoke chote. Kisha nikaviweka vigae kando, nikafurahi, kwa sababu vilinifaa kwa chini ya bustani.

Nilichota matoroli tisa.

Alhamisi kikundi kilikuja kikiimba. Tulifanya kazi vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Nilivitupa vigae chini mimi mwenyewe, pamoja na makopo, tukapanda tabaka kwa tabaka, na ilipofika saa nane bustani ilikuwa imesimama, pana, nyeusi, ya kumtia mtu wivu. 'Mathebe alizunguka akiipima kwa hatua.

"Umenishinda," alisema. "Kwa ukubwa. Tutaona kwa mboga."

"Hata kwa mboga utashindwa, mama. Anza kuzoea."

Tulikaa chini kula papa na maini niliyowakaangia. Ndipo 'Mamorongoe akatokea njiani, na kifuko cha vidonge mkononi, vumbi hadi magotini. Alikuwa ameshapita kwake kwanza. Hakuingia uani. Alisimama penye mwanya wa kuingilia kutoka njiani.

Wenzangu walikuwa wameutambua ule udongo mweusi, kwa hiyo wote tulijua amekuja kwa sababu gani, na mimi nikaamua kuwahi. Mdomo wangu huu.

"Karibu, mama! Njoo uyaone majivu yako yalivyoolewa huku! Mahari tutaleta spinachi ikikomaa."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kigelegele. 'Mamorongoe alingoja kicheko kiishe, wala hakuonyesha hasira.

"'Malibuseng," alisema. Hakusema bi harusi. "Ulipochimba, uliona chungu?"

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Watu kumi walikuwa wananitazama na sahani yangu ilikuwa imejaa.

"Chungu gani, mama? Sikuona chungu. Udongo mtupu."

Aliitazama bustani kidogo. "Haya," akasema, akaondoka.

Tulirudi kwenye chakula, isipokuwa 'Mathebe, aliyeiweka sahani yake chini na hakuigusa tena. Wenzetu walipokuwa wanaaga, alinishika kiwiko akanipeleka nyuma ya jiko.

"Wewe bibi yako hakukufundisha kitu?"

"Kitu gani?"

"Zamani mtoto akizaliwa amekwisha kufa hapelekwi makaburini. Anawekwa kwenye chungu, anazikwa kwenye jaa la majivu mbele ya nyumba ya mama yake. Hakuna mazishi, hakuna kulia, watu hawaambiwi. Sasa wanazaa kliniki, mmesahau. Sisi wakubwa hatujasahau." Aliniangalia machoni. "Uliona chungu?"

"Hapana," nikasema. Mara ya pili.

Na si kweli kwamba sikujua. Bibi yangu kule Maputsoe alikuwa akitufukuza jaani na fimbo. "Shukeni hapo, mnakanyaga watu!" Tulikuwa tukicheka, tukiulizana watu gani wanakaa kwenye takataka. Nilikuwa na jibu kichwani tangu nikiwa na miaka sita, ila sikulitafuta, kwa sababu nilitaka yale majivu.

Nilipanda. Mtu ataniuliza nilipandaje, na mimi najiuliza vilevile. Niliogopa kwamba nisipopanda kikundi kitauliza. Spinachi, bitiruti, vitunguu, karoti pembezoni. Nilimwaga maji ya vyombo kwenye kikapu asubuhi na jioni huku nimegeuza uso. Na kila nilipotazama dirishani nilimwona 'Mamorongoe akiziba ule ubavu niliouchimba. Alibeba mawe kwenye pindo la gauni, mawili, matatu, akayapanga, akarudi kuchukua mengine. Mwanamke wa miaka sitini na mitano. Ningeweza kuvuka ukuta nikambebea. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilianza kwenda bombani kwa njia ndefu ya kanisani ili nisikutane naye, na kuku wake walipovuka kuja kwangu niliwafukuza kwa mkono tu, bila sauti, asijue nipo.

Mbegu ziliota siku ya sita. Sijawahi kuona miche ya namna ile, minene, ya kijani kibichi, imejipanga. Wanawake walipita kuitazama. Tulipokwenda kujenga kwa mwenzetu mwingine juma la tatu, mazungumzo yalikuwa hayo hayo.

"'Malibuseng, mkono wako una nini? Tuambie siri."

"Siri ni gesi!" mwingine akadakia, wakacheka.

"Siri ni majivu ya 'Mamorongoe. Yule bibi alikuwa anatubania bure."

Nilikuwa nimeshika jiwe. Niliona aibu inanipanda kutoka miguuni, siwezi kuieleza vingine, masikio yakawaka moto. Nikaliweka jiwe.

"Alikuwa na mtoto mle," nikasema. "Nilikiona chungu. Nilikikung'uta kwenye toroli. Vigae viko chini ya bustani, mmevijengea ninyi, na niliwaficha."

Yule aliyepiga kigelegele siku ile alifunika mdomo kwa mkono wenye udongo. Mmoja akanena polepole, "Na sisi tulicheka." Kisha 'Mathebe akasema, bila kuniangalia, "Unatuambia sisi wa nini? Mwenyewe yuko nyumbani kwake. Nenda."

Nilimkuta 'Mamorongoe jikoni, anapepeta mtama. Nilipiga magoti mlangoni, kitu ambacho sikuwahi kukifanya hata kwa mama mkwe wangu.

"Mama, nilikiona chungu."

"Najua." Aliendelea kupepeta. "Nilipokuuliza, macho yako yalikimbilia kwenye bustani."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya watu wanaocheka?" Aliweka ungo chini. "Miaka arobaini na mitatu sijamwambia mtu. Nianze na ninyi, mnakula maini?"

Akaanza kusema mwenyewe, akitazama moto, si mimi.

"Ilikuwa Agosti kama hivi. Mume wangu alikuwa migodini. Mtoto alitoka hakulia. Mama mkwe aliniambia geukia ukutani, nikageukia ukutani. Yeye ndiye aliyemfunga, yeye ndiye aliyechimba. Sikuonyeshwa uso. Nilichokiona ni chungu tu kinapita mlangoni. Kilikuwa changu, nilikuja nacho kutoka kwetu, mama yangu alikifinyanga." Alinyosha kidole gumba, akakibonyeza hewani mara tatu, nne, kama anaweka alama mdomoni mwa chungu. "Kila asubuhi nilimwagia majivu yenye joto kidogo. Si ya moto, ya vuguvugu tu. Kwa baridi ya hapa. Hata mama mkwe alipokufa niliendelea, mpaka jaa likawa refu sana na mimi nikazeeka kupanda. Ndipo nikampandia mishubiri."

Nililia. Akanikataza.

"Usilie hapa. Mimi sikuruhusiwa kulia, usije ukanililia wewe. Nirudishie."

"Chungu, mama?"

"Na udongo."

Nilianza siku ileile, nikaendelea kesho yake kutwa. Niliibomoa ile bustani jiwe kwa jiwe. Nisingeweza kujua udongo upi ni upi, ulikuwa umechanganyika na samadi na ule wa kwangu, kwa hiyo nilirudisha wote, pamoja na miche iliyosimama ndani yake. Nilisukuma matoroli kumi na manne kwenye njia ya kijiji, maana kwenye ukuta wetu toroli halipiti, na watu walitoka kutazama. Wanaume waliokaa dukani waliacha mchezo wao wa mawe. Hakuna aliyeniuliza kitu, walikuwa wameshasikia. Ningependelea watukane.

Vigae nilivipata vitano. Nilivifuta kwa doti langu, nikamletea mikononi. Alikaa chini kando ya jaa, akaviunganisha kwenye mapaja, akigeuza hiki, akirudisha kile. Kulikuwa na pengo kwenye mdomo, dogo, la kuingia vidole viwili. Nilirudi kukitafuta kigae cha hapo. Nilichambua makopo na mifupa kwa mikono mpaka jua likawa kwenye milima, na sikukipata. Nilimwambia. Alichukua vile vitano akaviweka ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe, akavifukia kwa kiganja, akasawazisha kama anavyosawazisha sakafu.

"Morongoe," alisema, akiugonga udongo taratibu. "Jina alipewa kabla hajaja. Alilikuta. Hakuwahi kuitwa tu."

Kisha alianza kung'oa ile miche ya spinachi kutoka kwenye udongo niliourudisha. Aliing'oa mmoja mmoja, kwa uangalifu, bila kukata mizizi, akanikabidhi kifungu kizima.

"Hii ni yako. Mwanangu hakuja kukulimia wewe."

Nilikwenda nayo nyumbani. Sikuweza kuipanda, sikuweza kuitupa. Niliiacha kwenye beseni la maji, na kwenye uwanja wangu palikuwa na duara la mawe tupu na kikapu kimelala ubavu.

Kulipokucha nilifungua mlango nikakuta ndoo mbili za majivu zimewekwa kizingitini. Majivu mapya, meupe, ya nyuma ya jiko. Bado yalikuwa na uvuguvugu. Nilisimama nayo pale, na sauti yake ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta, kavu, bila uso.

"Ndoo unirudishie. Nimekupa majivu, sijakupa ndoo."

Nilifungua mdomo nimwitikie kama nilivyozoea, nimwambie ahsante 'Mamorongoe, nikaishia kwenye ahsante. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikilipigia kelele jina la mwanawe juu ya ule ukuta, naomba chumvi, naomba kiberiti, naomba anitazamie mtoto. Na kila mara aliitika.